Kazi ya Bibi Kutu

Kazi ya Kinanda ilikuwa kuchukiwa, na pale ofisini hakuna aliyeiweza kama yeye.

Jina hilo alilipata shuleni. Vidole vyake vilikuwa havitulii. Akisikiliza somo viligongagonga dawati mpaka siku moja mwalimu akamuuliza kama hicho kinanda amekinunua au amepewa bure. Darasa likacheka, jina likakaa. Alipokuwa mtu mzima hakuna aliyemwita kwa lingine, hata mama aliyemzaa.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la vigae. Ukipanda ngazi, kitasa cha mlango kilikuwa na vumbi la saruji kila siku. Ndani kulikuwa na giza, kwa sababu mapazia yalipigiliwa kabisa ukutani ili mwanga usipige vioo. Kulikuwa na meza ndefu, viti vya kuzunguka ambavyo vingine vilishaacha kuzunguka, na vipokea sauti vilivyochubuka sponji hadi vikawa vinaacha masizi masikioni. Wafanyakazi walikaa hapo kutwa nzima wakicheza mchezo wa simu. Anayesikia hivyo atasema hao walipata kazi ya kukunja nne na kula bata. Kinanda naye alifikiri hivyo wiki ya kwanza.

Mchezo wenyewe ulichezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu yuko kwake, kila mtu na umbo lake na jina alilojichagulia. Sehemu kubwa ilikuwa ya amani: unalima, unajenga, unasafirisha mizigo. Ila kulikuwa na mahali palipoitwa Bondeni, ambako yeyote aliruhusiwa kumvamia yeyote, na aliyeua alichukua kila alichobeba aliyeuawa. Ladha yote ya mchezo ilitoka huko, na huko ndiko kulikokuwa kunakufa. Wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge mpaka wanyonge wakaacha kwenda. Wenye nguvu wakabaki wanatazamana, wakaona hakuna raha tena, nao wakahama. Kampuni ikaweka mashine ziwe maadui. Hazikufua dafu. Mashine ilijua kupiga na ilijua kukimbia, lakini ukiitukana haikukasirika, na ukiishinda haikuumia. Nani apoteze usingizi akipanga kuilipizia mashine kisasi?

Ndipo wakaajiriwa watu. Waliambiwa waingie Bondeni kama wachezaji wengine, wachokoze, wapige, wapigwe, na wasimwambie mtu yeyote kuwa wako kazini. Nyumbani Kinanda alisema amepata kazi ya kupokea malalamiko ya wateja wa simu. Haikuwa uongo wa mbali sana.

Msimamizi wao alikuwa mtu mpole, wa makamo, aliyewahi kuwa refa wa ndondi. Pua yake ilikuwa imepinda, na alipenda kusema kwamba ile ngumi ilikuwa na haraka ikakosea njia. Alimwona Kinanda akimmaliza mchezaji mmoja mara tatu mfululizo bila hata kumpa nafasi ya kuinua silaha, akavuta kiti, akakaa pembeni yake.

"Umefurahi?" akamuuliza.

"Nimeshinda, bosi."

"Umeshinda, na yule kaufuta mchezo kwenye simu yake. Harudi. Sasa ngoja nikuulize. Ungemwachia akushinde tatu mfululizo, angerudi?"

Kinanda akafikiri. "Angerudi kidogo, halafu angechoka."

"Angechoka. Mtu harudi kwa kushinda, na harudi kwa kupondwa. Anarudi akiona alibakiza kidogo tu. Kwamba angewahi kugeuka, ungekuwa wewe uliyelala chini. Hiyo 'ange' ndiyo kazi yako." Akagusa pua. "Na asikukose. Kila akija akukute wewe yuleyule, jina lilelile. Hasira bila sura haidumu."

Hapo ndipo alipozaliwa Bibi Kutu. Kinanda alimtengeneza mwenyewe: kikongwe kifupi, mgongo umepinda, mkononi mundu uliooza kwa kutu, na kicheko kikavu cha mtu aliyekuona unajikwaa. Wengine ofisini walichagua miili ya majitu na mavazi ya chuma. Kinanda alijua kwamba kupigwa na jitu hakumuumi mtu rohoni. Kupigwa na bibi kunauma.

Akajifunza mengine ambayo hata msimamizi hakumfundisha. Alijifunza kwamba ukimwibia mtu kitu cha thamani atanung'unika, lakini ukimwibia kitu alichokipenda, kile alichokipamba kwa mkono wake, atakufuata mpaka mwisho wa dunia. Alijifunza kukimbia, kwa sababu anayekimbizwa huleta watu wengi kuliko anayekimbiza. Alijifunza kuacha mwanya mdogo katika kila pambano, mwanya wa kweli, ambao mwenye jicho kali angeuona na kuutumia, na wachache waliuona. Alipouawa alikaa kimya. Alipoua aliandika neno moja tu: "Pole."

Watu wakaanza kurudi Bondeni kumtafuta. Wakaungana makundi. Wanyonge waliokuwa hawathubutu kukanyaga huko wakawa wanashikana mkono na wababe waliokuwa wakiwaonea, kwa sababu wote walishaambiwa pole. Msimamizi akapita nyuma ya kiti chake akamgonga bega kwa kidole, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mtaa mzima walimwita Dereva, na yeye hakutaka kuitwa vingine. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa honi, aliyejivunia kwamba hakuna gari lililowahi kumpita kwenye kilima bila yeye kupenda. Kisha siku moja, kwenye mteremko, chuma alichobeba kilikatika kamba, kikasukuma kichwa cha lori mpaka mtaroni. Alitolewa hai. Toka kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena, hata ukimchoma sindano.

Walimweka kitanda sebuleni maana chumbani hapakupitika na kiti cha magurudumu. Kile kiti kikawa mahali pa kuanikia taulo. Dereva aligeuza uso ukutani akakaa hivyo. Mama Kinanda akimletea chakula anasema ameshiba. Akiuliza ameshiba nini, hajibiwi. Akifungua pazia anaambiwa alifunge. Hakulia wala hakulalamika. Alikuwa anaondoka polepole, na watu wawili wa nyumba ile walimwona anaondoka na hawakujua wamshike wapi.

Kinanda akachukua simu ya baba yake, akaiwekea ule mchezo.

"Hii ya nini?" Dereva akauliza bila kugeuka.

"Ya kupotezea muda, baba. Unaendesha mikokoteni, unapeleka mizigo. Ijaribu tu."

"Mimi mtoto?"

"Wanacheza hata wazee wenye wajukuu."

"Basi niletee na chupa ya kunyonya," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema kwa muda mrefu. Kinanda akaiacha simu juu ya blanketi, akaenda kazini.

Siku chache baadaye alirudi akamkuta baba yake amekaa. Mito miwili iko mgongoni, miwani ya kusomea iko puani, na simu ameikamata kwa mikono yote miwili kama usukani.

"Mama Kinanda," alikuwa anaita, "leta hicho chakula hapahapa, sina mkono wa kuachia."

Mama akatoka jikoni na sahani. Dereva akala vijiko vitatu mfululizo kabla hajamwona binti yake mlangoni.

"Kinanda, njoo uone ushenzi," akasema. "Nimetengeneza mkokoteni wangu. Nimeupaka rangi, nyekundu na ubavuni mstari mweupe, kama lori langu. Nimeupeleka Bondeni mara moja tu, mara moja, kimetokea kibibi sijui wapi, kimeniua, kimeondoka nao. Halafu kinaniambia pole."

Kinanda alisimama na mkoba begani. Aliukumbuka mkokoteni. Alikuwa ameuchagua kati ya mingine yote kwa sababu ya ule mstari mweupe. Mtu aliyechora mstari ule aliupenda, naye hakujiuliza ni nani.

"Wewe unaitwa nani humo, baba?"

"Breki."

"Na huyo bibi?"

"Kutu. Bibi Kutu." Akalitamka jina kama mtu anayeondoa mfupa wa samaki mdomoni. "Nitamtia adabu. Wewe subiri."

Jikoni mama alimshika mkono. "Sijui umempa dawa gani, mwanangu," akasema. "Ameomba chumvi. Umesikia? Ameomba chumvi." Na akalia akiwa amesimama mbele ya jiko, chakula kikamuungulia.

Angeweza kusema siku hiyo. Lakini aliambiwa asiseme, na hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba baba yake alikuwa ameomba chumvi. Akakaa kimya, na kesho yake Breki alipoingia Bondeni, Bibi Kutu alikuwa anamngoja.

Toka hapo alimfanyia baba yake kazi iliyo bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alijua ni wakati gani wa kumpiga na wakati gani wa kuchechemea ili aone matumaini. Alimwachia mwanya mpana mwanzoni, akaupunguza kadiri mzee alivyoerevuka. Akimwona amekata tamaa, alimwachia kipande cha mbao chekundu njiani, ajue mkokoteni bado upo. Breki alikusanya wenzake, akawapanga kama msafara wa malori, huyu mbele, huyu nyuma, huyu awashe taa. Nao wakamtii, wakamwita mzee, wasijue kwamba alikuwa mzee kweli.

Dereva akafungua pazia mwenyewe kwa fimbo ya ufagio. Akaomba anyolewe ndevu. Akakubali kukalishwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa maelezo kwamba karibu na mlango mtandao unashika vizuri. Mezani alikuwa anaongea kama zamani, isipokuwa aliongea jambo moja tu.

"Yule bibi ana akili za barabarani," alimwambia Kinanda. "Anakuonyesha nafasi ya kupita. Ukiingia tu, anafunga. Nimeishi na watu wa namna ile maisha yangu yote."

"Labda ni mtu mwema tu anacheza," Kinanda akasema.

"Mwema?" Dereva akacheka. "Yule anafanya kwa kukusudia. Ananijua. Kuna watu mia humo, ananifuata mimi." Akaweka kijiko chini. "Kesho tutamzibia darajani. Wawili watajificha chini ya daraja."

Kinanda akammiminia chai, mkono umetulia. Kesho yake akiwa kazini ilibidi aamue kama Bibi Kutu ajue au asijue kuna watu chini ya daraja. Akaamua ajue nusu: akaua wawili, akajeruhiwa, akatoroka kwa kujitupa mtoni. Jioni aliporudi Dereva alimsimulia pambano zima, kwa mikono na mabega, na kwa kweli alisimulia vizuri. Kinanda alilisikiliza kana kwamba hakuwepo. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mama ndiye aliyeanza kuona mengine. "Baba yako anaota anaua mtu," alimwambia Kinanda walipokuwa wanakunja nguo. "Anamtukana usingizini. Mimi sijamsikia akitaja jina langu hata mara moja, lakini hilo la huyo bibi kila siku."

"Anachangamka, mama. Hukumbuki alivyokuwa?"

"Nakumbuka." Akakunja shuka, akasita, akalikunjua tena na kulinusa. "Hili nimelifua juzi," akasema.

Shuka lilikuwa na doa la manjano lenye ukingo wa kahawia.

Mtu asiyehisi kiuno chake anatakiwa ageuzwe kila mara, ainuliwe, asiegemee upande mmoja. Walielezwa hospitalini, na mwanzoni mama alifanya hivyo kwa uaminifu. Lakini Dereva alipoanza mchezo, kila akitaka kumgeuza anaambiwa subiri kidogo, nimewakaribia, usinitikise. Akawa anajiosha mwenyewe kwa beseni, akijifunika, akisema anataka heshima yake. Wote wawili waliifurahia heshima hiyo kwa sababu walidhani ni dalili ya kupona. Walipomfunua kwa nguvu siku ile, chini ya uti wa mgongo palikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Halikumuuma hata kidogo. Alikuwa anakasirika tu kwamba simu imeanguka.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja, akaangalia, akavua glavu. Kisha akamwita Kinanda nje.

"Dada, huyu anatakiwa hospitali leo. Alale kifudifudi, na hilo shimo lisafishwe na daktari. Hii harufu si ya ngozi tena, inatoka ndani."

Dereva alikataa. Alisema kwa sauti ileile ya zamani ya mtu asiyepitwa kilimani. Hospitali walikataza simu wodini, mara ya kwanza alikaa huko akajua. Hataenda kulala kifudifudi kama gunia wakati yule bibi anapita Bondeni na mkokoteni wake.

"Nikimpata, nitaenda," akasema. "Sikatai. Nikimpata tu."

"Na usipompata?" mama akauliza.

"Nimebakiza kidogo."

Kinanda aliyasikia maneno hayo akatoka nje. Yalikuwa ni kazi ya mikono yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Akamweleza kila kitu, akamwomba Bibi Kutu aondolewe mchezoni siku hiyohiyo. Afe, apotee, atangazwe amehama.

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia sakafu. "Pole sana," akasema, na kwa namna alivyolisema neno lile Kinanda akataka kuziba masikio. "Lakini Kutu si wako. Nusu ya watu walioko Bondeni wako kwa ajili yake. Ukiondoka kwenye kiti hicho leo, mchana nitamkalisha mwingine."

"Huyo mwingine hamjui baba yangu."

"Hamjui. Atampiga tu." Akainua uso. "Mimi nimesimamisha mapambano mengi, binti. Kuna mtu ukimsimamishia analala siku mbili anapona. Kuna mwingine hakusamehe mpaka kaburini. Sijawahi kujua kuwatofautisha."

Basi akakaa kwenye kiti chake, akavaa vipokea sauti, akaingia Bondeni na mkokoteni mwekundu, mchana kweupe, katikati ya barabara. Breki alikuja na wenzake. Kinanda akapigana kidogo ili ionekane kuna pambano. Upande wa kushoto kulikuwa na mwamba, na nyuma ya mwamba njia aliyoitumia kutorokea mara nyingi. Alisimama akiutazama mwamba ule. Breki akampiga pigo la kwanza, la pili. La tatu Bibi Kutu akaanguka, mundu ukadondoka kwenye vumbi. Barabara ikajaa watu wakirukaruka kwa furaha, na majina yakamiminika kioo kizima wakimpongeza mzee.

Breki hakuandika kitu. Alisimama juu ya maiti kwa muda, kisha akazima.

Kinanda alirudi nyumbani akikimbia. Alimkuta Dereva kitini, simu iko mapajani, uso umelegea.

"Nimempata," baba akasema.

"Hongera, baba."

"Amenipisha."

Mama alikuwa ameshafunga nguo kwenye begi. Alisimama nalo.

"Alikuwa na kushoto kweupe," Dereva akaendelea taratibu. "Kila siku anapita kushoto. Leo kasimama. Mimi nimekuwa barabarani maisha yangu yote, Kinanda, mtu akikupisha unajua. Unamwona anashika pembeni anakuonea huruma." Akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Sijui kaambiwa na nani kwamba mimi ni kilema."

Akakubali kupelekwa hospitali. Hakubishana hata na wabebaji. Kwenye gari alifunga macho, na alipowekwa wodini, kifudifudi, aligeuza uso upande wa ukuta.

Madaktari walikata, wakasafisha, wakaweka dripu. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Daktari alisema maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, wapambane, na mgonjwa naye apambane. Kinanda alimtazama baba yake akaona hapambani. Chakula alikirudisha. Hakuomba simu. Mama alipompa akamwambia wodini inaruhusiwa kumbe, Dereva akasema aiweke tu.

Siku moja, saa za kuona wagonjwa, mama alipokuwa ameenda kuteka maji, Kinanda akachuchumaa sakafuni upande wa ukutani, ili macho yake na ya baba yakutane.

"Baba, Bibi Kutu ni mimi."

Kinanda akamweleza: ofisi, meza, mapazia yaliyopigiliwa, malalamiko ambayo hayakuwepo, mkokoteni. Alieleza haraka kwa sababu aliogopa mama kurudi.

"Tangu mwanzo?" Dereva akauliza.

"Tangu mkokoteni. Siku ile sikujua ni wewe. Baadaye nilijua."

"Nilikuwa nakusimulia mipango yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na mlikuwa mnanicheka huko."

"Hakuna aliyekucheka. Walikuwa hawakujui. Mimi nilikuwa... Ulikuwa unakula, baba. Uliomba chumvi."

Dereva akavuta pumzi, akaitoa kwenye mto. "Sasa niambie kitu kimoja, na usinidanganye. Siku zile zote. Ile ya darajani. Nilikuwa nakukaribia kweli, au ulikuwa unaniachia?"

Kinanda aliulizwa hivyo na mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwa kumshikilia nyuma na kumwambia ameshamwachia. Mtu huyo alikuwa amebakiwa na siku chache na alijua.

"Ulikuwa unanikaribia kweli," akasema. "Ilikuwa nipotee pale darajani. Niliponyoka kwa bahati."

Baba yake akamsoma usoni. Kinanda hakuondoa macho. Hakuwahi kujua, wala hatajua, kama aliaminiwa.

"Basi ile ya mwisho ndiyo umenikosea," Dereva akasema. "Hizo nyingine sina neno."

Mama akaingia na ndoo. Dereva akafumba macho. Hakumwambia mkewe kitu, wala hakuzungumza tena na binti yake zaidi ya kuomba maji. Alikufa kabla wiki haijageuka, asubuhi, wakati wanabadilisha mashuka ya kitanda cha jirani.

Baada ya mazishi Kinanda alikwenda ofisini kuchukua vitu vyake. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa kijana wa kike, mgeni, mwenye mikono mikubwa, na kwenye kioo Bibi Kutu alikuwa anakimbizwa. Wenzake Breki walikuwa wakimsaka. Walikuwa wameweka alama nyekundu yenye mstari mweupe kwenye nguo zao zote, kwa sababu mzee wao aliacha kuingia bila kuaga na wao walikuwa wameamua kwamba bibi amemfanya kitu. Bondeni hakujawahi kuwa na watu wengi vile. Yule mgeni alipiga ovyo, hakuacha mwanya wowote, na Kinanda alisimama nyuma yake akitamani kumwambia apunguze, kisha akachukua mwavuli wake na kikombe akashuka ngazi.

Alimwambia mama yake ukweli mwenyewe, siku ya kugawa nguo za marehemu. Walikuwa wamekaa kitandani sebuleni. Mama alikuwa na shati mkononi. Alisikiliza bila kukatiza, akauliza tu mara moja Breki ni nani, akakumbuka, akatikisa kichwa.

"Kumbe yale yote," akasema. "Na kule hospitali ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama. Nisingeweza kumwacha aende hajui."

Mama akalaza shati mapajani, akaanza kufunga vifungo, kimoja baada ya kingine, toka chini kwenda juu.

"Ungemwacha na adui yake," akasema. "Alikuwa hana kingine."

Hakulisema kwa hasira, na hakulirudia tena. Bado wanaishi pamoja nyumba ileile. Kinanda anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukunja maboksi, amesimama mbele ya mkanda unaotembea, na anasema anaipenda kwa kuwa boksi ukishalikunja linaondoka. Jioni wanakula pamoja. Wanaulizana habari za kutwa, wanajibizana vizuri, na mama humpelekea chumvi upande wake bila kuombwa.